Nta, si Gundi



Wengi wenu mmekwisha kuiona akordeoni ikipigwa, lakini ni wachache waliopata kuiona ikiwa imefunguliwa. Kwa nje ni sanduku linalong'aa, lenye vibonyezo vyeupe na vyeusi upande wa kulia, vitufe vya besi upande wa kushoto, na mvukuto katikati. Kwa ndani kuna safu za vibati vidogo vya alumini, na kila kibati kina ndimi mbili nyembamba za feleji, mmoja upande huu na mwingine upande wa pili. Ukiuvuta mvukuto, pumzi hupita na kuutetemesha ulimi mmoja. Ukiusukuma, wa pili ndio unaotetemeka. Sauti yote mnayoisikia hutoka hapo.

Jambo ninalotaka tulitafakari leo ni kile kinachovishika vibati hivyo mahali pake. Katika akordeoni nyingi vibati vya mkono wa kulia havikufungwa kwa skrubu wala kwa msumari. Vimeshikwa kwa nta ya nyuki.

Ulimi wa namna hii una historia ndefu. Wachina walikuwa nao tangu kale katika ala yao iitwayo sheng, ambayo hupigwa kwa kupuliziwa pumzi mdomoni. Mwaka 1829, katika mji wa Vienna, Cyrill Demian alisajili uvumbuzi wa sanduku dogo lenye mvukuto na vibonyezo vichache, akaliita akordeoni kwa sababu kila kibonyezo kilitoa sauti kadhaa zinazopatana kwa pamoja. Baadaye ufundi huo ulikita mizizi katika miji midogo kama Castelfidardo huko Italia na Trossingen huko Ujerumani, na kutoka huko akordeoni zilisambaa duniani pamoja na mabaharia, wafanyabiashara na wamisionari. Kwetu Kongo, wazee wanaokumbuka siku za mwanzo za rumba hawakosi kulitaja jina la Camille Feruzi, aliyeifanya akordeoni isikike Leopoldville. Harmoniamu za misheni, ambazo baadhi yake zingali zimesimama kimya katika pembe za makanisa yetu, ni ndugu wa damu wa akordeoni: nazo husema kwa pumzi na kwa ndimi za chuma.

Ni kwa harmoniamu ndiko nilikojifunza kazi hii. Nilikuwa kijana wa rika lenu, mwanafunzi wa ualimu, nami nilipewa kazi ya kumshikia taa bruda mzee aliyeitunza harmoniamu ya kanisa. Hakuwa msemaji. Lakini kila alipomaliza kurekebisha kitu, alichukua penseli akaandika ndani ya sanduku, mahali ambapo mpigaji hawezi kupaona, tarehe ya siku ile na kazi aliyoifanya. Siku moja nikamwuliza anamwandikia nani. Akajibu: «Atakayefungua baada yangu.» Sikulitilia maanani sana neno lile kwa wakati huo. Nililielewa vema nilipoletewa akordeoni ninayotaka kuwasimulia.

Ilikuwa mwanzoni mwa Oktoba, wakati joto la Lubumbashi linapokuwa kali na mvua bado zinangojewa. Mama mmoja wa mtaa wetu alinijia na sanduku kichwani. Alikuwa mjane, mumewe aliipigia kwaya akordeoni kwa miaka mingi, na tangu kifo chake ilikuwa imekaa juu ya kabati, karibu na mabati ya paa.

«Mwalimu,» akasema baada ya salamu, «huu ni mzigo wa baba yenu. Sikutaka kuuachilia. Lakini binti yangu yuko mwaka wa sita, na mtihani wa serikali haumngoji mtu.»

Mnunuzi alikwisha kupatikana. Alikuwa kiongozi wa kwaya moja ya Likasi, na alikubali kutoa dola 300 kwa sharti kwamba sauti zote ziwe zinatoka. Angefika Jumapili alasiri. Siku ile ilikuwa Jumatatu, na sauti zote hazikuwa zinatoka.

Kijana wa jirani, anayesoma ufundi wa umeme, aliposikia habari hiyo akaja kunisaidia. Jioni ile hatukufungua kitu. Tulianza kwa kusikiliza. Nilifungua mikanda ya mvukuto, nikaishika akordeoni kwa upande mmoja bila kubonyeza chochote, nikauacha upande wa pili ushuke kwa uzito wake. Ulishuka polepole sana. Maana yake mvukuto haukuwa umetoboka. Kisha nikamwambia kijana achukue daftari na kupiga mistari.

Akordeoni ile ina vibonyezo 34, na kila kibonyezo kina sauti tatu, pamoja na swichi za kuchagua ni zipi zisikike. Hapo ndipo ugonjwa unapoweza kujificha. Sauti moja ikinyamaza, zile mbili nyingine huifunika, na mtu asiye na sikio zuri hatambui lolote. Kwa hiyo tulizijaribu moja moja, kwa kuvuta na kwa kusukuma: majaribio 204. Kijana aliandika kila jibu. Tulipomaliza, ukurasa wenyewe ulitueleza mahali pa kutazama. Katika safu ya sauti nzito ya vibonyezo vyeupe, sol ya katikati ilikuwa kimya kabisa, kuvuta na kusukuma. Jirani zake kadhaa walikuwa dhaifu, kana kwamba pumzi inawavujia kando. Na la moja ilikoroma ikisukumwa.

Jumanne tulifungua. Pini zinazoushika mvukuto tulizichomeka katika kipande cha katoni kwa mpangilio uleule zilivyotoka, kwa kuwa kila tundu limekwisha kuizoea pini yake. Tulipoutenga mvukuto, kibati cha sol kikadondoka mezani. Kilikuwa kimelala chini ya mikunjo yake kwa muda usiojulikana.

Nilikiinua kwa kukishika kingo zake, kwa sababu jasho la vidole huleta kutu kwenye feleji, nikakipuliza kwa mdomo kidogo. Ndimi zote mbili zililia, safi kabisa. Kijana alishangaa. Alikuwa ametazamia kuona ulimi uliovunjika. Lakini kilichokuwa kimekufa ni nta tu. Nta nzuri ina rangi ya asali, na ukiikandamiza kwa ukucha hubaki na alama. Nta tuliyoikuta ilikuwa imepauka na kukauka. Ilipoguswa ilimeguka kama sukari guru. Joto la paa na miaka ya ukimya vilikuwa vimefanya kazi yake.

«Hii ni kazi ya dakika mbili, Mwalimu,» kijana akasema, akatoa mfukoni tyubu ndogo ya gundi kali. «Tone hapa, tone pale. Mama anauza, dada analipa shule. Si ndicho kifungu cha 15?»

Ninyi nyote mnakijua kifungu cha 15, kile tunachokitaja bila haja ya kufungua katiba: jitafutie njia. Sikumcheka kijana wala kumkemea. Kifungu hicho kimewalisha watoto wengi wa nchi hii, nami ni mmoja wao. Nilimwomba tu atazame kibati cha la, kile kilichokuwa kinakoroma.

Mtu fulani, zamani, alikuwa amefanya kitu kilekile. Kibati cha la hakikuwa kimeshikwa kwa nta. Kilikuwa kimezungukwa na gundi ngumu ya manjano, ya aina ile inayochanganywa kutoka tyubu mbili. Gundi ilikuwa imeingia ndani ya mbao, imekigandisha kingozi cha juu yake, na tone moja lilikuwa limepenya kwenye upenyo wa ulimi, hata ulimi ukawa unalikwaruza kila unapotetemeka. Nilijaribu kuichonga kwa ncha ya wembe. Ukingo wa mbao ukaanza kumeguka, nikaacha papo hapo, kwa maana kiunzi kikipasuka, safu nzima imekwisha.

Nilimweleza kijana kwa nini mafundi wa kale walichagua nta, ilhali gundi walikuwa nayo. Kwanza, nta huziba kila mwanya, na pumzi haipati njia ya kutorokea. Pili, mbao hazitulii: hukauka na kusinyaa wakati wa kiangazi, huvimba mvua zinapoanza. Nta hufuatana nazo. Kitu kigumu hupasuka au huwapasua wenzake. Sababu ya tatu ndiyo kubwa kwangu. Ulimi wa feleji hauna budi kuhudumiwa. Iko siku utahitaji kusuguliwa kwa tupa ili urudi kwenye sauti yake, karibu na ncha ukitaka sauti ipande, karibu na shina ukitaka ishuke. Iko siku kingozi chake kitajikunja na kuhitaji kubadilishwa. Siku hiyo fundi atataka kukitoa kibati. Kwenye nta atapitisha kisu chembamba, na kibati kitatoka kizima. Kwenye gundi atakuta mlango uliojengewa ukuta.

«Kwa hiyo aliyetia gundi alikuwa mjinga?» kijana akauliza.

Nilimwambia sidhani. Huenda alikuwa na Jumapili yake iliyokuwa inakaribia, kama sisi. Sauti ilitoka siku ile, watu wakaimba, akasifiwa. Deni alimwachia mtu asiyemjua.

Basi tukaamua kazi yetu. Safu ile ilikuwa na vibati 20. Kukirudisha kile kimoja kilichoanguka ingekuwa kujidanganya, kwa kuwa nta ya vyote ilikuwa ya umri mmoja, na cha kwanza kuanguka kilikuwa kimetuletea habari za wenzake. Tungevitoa vyote vilivyoweza kutoka, yaani 19, na kuvirudisha kwa nta mpya. Cha la tungekiacha.

Nta tuliinunua kwa muuza asali. Lakini nta peke yake ni laini mno. Huongezwa kolofani, yaani utomvu wa msonobari uliokaushwa hata ukawa kama kioo cha rangi ya chai, ili ipate kunata na kuwa ngumu. Ningeipata wapi? Kijana ndiye aliyekumbuka kwamba watengenezaji wa redio huitumia wanapolehemu nyaya. Akaenda kwa mmoja wao kando ya barabara, akarudi na kipande cha ukubwa wa kidole gumba, bei ya chupa ya maji. Tukapima sehemu 3 za nta kwa sehemu 1 ya kolofani. Kijiko cha kumiminia tulikikunja kutoka kwenye bati la kopo la nyanya, tukakipa mdomo mwembamba kama wa birika.

Nta ya nyuki huyeyuka kwenye digrii kama 63, na haipendi moto mkali. Ikiungua hupoteza mafuta yake na kuwa kavu kabla ya wakati. Tuliiyeyusha katika kopo lililosimama ndani ya sufuria ya maji, juu ya jiko la makaa, uani kwangu. Kumimina kunataka utulivu. Nta ikiwa vuguvugu hukaa juu ya mbao kama ugali juu ya sahani, wala haishiki. Ikiwa moto kadiri inavyofaa, hutiririka kando ya kibati kwa mstari mmoja, inaingia kila kona, kisha inapoa huku ukiitazama. Vibati vitatu vya kwanza nilimimina mimi. Cha nne nilimpa kijana kijiko.

Viko vingozi vilivyokuwa vimejikunja, tukakata vipya kutoka kwenye ngozi nyembamba ya bitana aliyotupa fundi viatu. Na hapo, vijana wangu, gundi tuliitumia. Kingozi hubandikwa kwa tone dogo upande wa shina tu, ili ncha yake ibaki huru kuinuka na kulala kadiri pumzi inavyopita. Sina ugomvi na gundi. Kila kitu na mahali pake.

Tulifanya kazi jioni nne, baada ya masomo, kwa taa ya kuchaji maana umeme ulikatika mara mbili. Safu nyingine nilizikagua. Nta yake ilikuwa ngumu lakini haijapasuka. Ingeweza kungoja mwaka, pengine miwili. Kuzifanya zote kulihitaji majuma, na siku tulizokuwa nazo zilihesabika. Jumamosi usiku tukaifunga akordeoni na kuyarudia majaribio ya safu ile. Sol ilisema. Jirani zake wakasema kwa nguvu. La ilikoroma kama awali. Mama alikuwa amesimama mlangoni pa jiko, akasikiliza hadi mwisho, kisha akarudi kuchambua mchele wake bila neno.

Baada ya chakula nilimweleza yote: la yenye gundi, na safu nyingine ambazo nta yake inazeeka. Nilimwambia kwamba mnunuzi akiniuliza nitamjibu kweli, lakini asiponiuliza, mwenye kuanza kusema ni mwenye mali.

Kijana hakuweza kunyamaza. «Mama, ukiiacha swichi kwenye sauti zote tatu, la haisikiki kabisa. Nimejaribu. Hatajua.» Naye alisema kweli, mimi pia nilikuwa nimejaribu. Wala hakusema kwa ubaya. Alimfikiria dada yule na mtihani wake, na mtu wa Likasi alikuwa kwake jina tu.

Mama alikaa kimya muda mrefu. Halafu akasema jambo ambalo hakuna kati yetu aliyelijua. «Baba yenu aliinunua kwa mtu aliyemwambia ni nzima. Miaka yote ile hakupenda kuitumia swichi ya sauti nzito peke yake. Nilidhani ndiyo mazoea yake.» Akaitazama akordeoni. «Kumbe alikuwa anakikwepa kitu ambacho hakuambiwa.»

Siku ya pili mgeni alipofika, akapewa maji na kiti, Mama mwenyewe aliigeuza swichi kwenye sauti nzito, akabonyeza la, akausukuma mvukuto. Ile sauti mbovu ikatoka mbele ya watu wote. Akasema: «Hii haikuponyeka. Mwalimu atakueleza.»

Mgeni aliomba kuona ndani. Tukafungua. Kwenye ubao wa kiunzi, kwa penseli, palikuwa na tarehe, mchanganyiko wa nta tulioutumia, idadi ya vibati 19, na mstari wa mwisho ulioandikwa kwa mwandiko wa kijana: «La ina gundi. Usitumie nguvu, mbao inameguka.» Mgeni alisoma, akatikisa kichwa, akafikiri. Akasema hawezi kutoa 300, kwa maana itambidi kutafuta kibati kingine na fundi wa kukitoa kile, na safu nyingine zitamdai kazi baada ya muda mfupi. Alitoa dola 240. Mama akazipokea.

Sitaki kuwadanganya. Dola 60 ni fedha nyingi kwa mama anayeuza unga wa mahindi kwa vikombe. Hakuna mtu aliyetokea njiani kumrudishia. Alimlipia binti awamu ya kwanza, na iliyobaki aliitafuta kwa kuongeza saa zake sokoni hadi Januari, akirudi nyumbani giza limekwisha kuingia. Kijana aliyaona hayo kila siku, kwa kuwa meza ya Mama iko karibu na kituo chake cha basi. Mara moja aliniuliza kama tulifanya vema. Ninaliheshimu swali hilo. Mtu asiyeliuliza hajahesabu gharama, na gharama ile haikunipata mimi wala yeye, ilimpata Mama. Nilimjibu kwamba mimi nisingekuwa na haki ya kuamua kwa niaba yake, na ndiyo sababu tulimwachia neno. Aliyajua mambo mawili kwa pamoja: haja ya mtoto wake, na jinsi mumewe alivyoishi na kasoro aliyofichwa. Akachagua akiwa anayajua yote mawili.

Tangu siku ile nimekuwa nikifikiri upya juu ya kifungu cha 15. Tunakitaja kana kwamba ni kimoja, lakini juu ya meza yangu viliwekwa viwili. Kolofani ya fundi redio ilikuwa kifungu cha 15. Kijiko cha kopo la nyanya kilikuwa kifungu cha 15. Ngozi ya bitana pia. Hatukuwa na duka la vipuri, tukatumia kilichokuwapo, wala sioni aibu. Gundi ya yule mtu wa zamani nayo ilikuwa kifungu cha 15. Zote ni kazi za watu wasio na kitu. Zinatofautiana katika swali moja: mtu atakayekuja baada yetu ataweza kufungua?

Liulizeni swali hilo katika mambo yenu. Kijana wetu wa umeme analijua vizuri kuliko mimi. Nyaya mbili zikiungwa ndani ya kisanduku chenye kifuniko, fundi mwingine atauona muungano na kuukagua. Nyaya hizohizo zikiungwa na kusiribwa ndani ya ukuta, taa itawaka leo vilevile, na siku hitilafu itakapotokea mtu atabomoa nyumba akiitafuta. Daftari la fedha za kikundi ni hivyohivyo. Mtunza hazina akikuta hesabu hazilingani, aweza kuandika pembeni: «Zimepungua franka kadhaa, sababu haijajulikana.» Au aweza kufuta na kuandika tarakimu inayopendeza. Siku ya mkutano daftari la pili ndilo litakaloonekana zuri. Mrithi wake ndiye atakayekuta gundi.

Hata ugomvi wetu huenda njia hiyo. Mara ngapi kikundi kimekorofishana, wakubwa wakasema «yaishe, tusonge mbele», na kila mtu akaiacha swichi kwenye sauti zote tatu ili ile inayokoroma isisikike? Amani ya namna hiyo huimba vizuri Jumapili moja au mbili. Kupatana kwa nta ni kugumu zaidi, maana kunataka kwanza kusikiliza mmoja mmoja, na kuandika kilichosikika, na kukubali kwamba aliyeanguka wa kwanza huenda ametuletea habari za wengi.

Ninawaomba jambo moja la kufanya kwa mikono kabla ya mkutano wenu ujao. Kila kikundi kina kitu kilichoharibika: ngoma iliyolegea, benchi lenye mguu unaocheza, kipaza sauti kisichosikika upande mmoja, kufuli la sanduku la vitabu. Chagueni kimoja. Msikilizeni kwanza yule anayekitumia kila siku, kisha mkifungue kwa utaratibu na kuangalia ni nini hasa kilichokufa, kwa kuwa mara nyingi sicho kile kilichonyamaza. Tumieni mlichonacho. Mkimaliza, andikeni kwa penseli, mahali pasipoonekana, tarehe, kazi mliyoifanya, na hasa ile mliyoshindwa kuifanya. Kijana aliyenisaidia sasa anatunza kopo la nta iliyobaki, na wiki iliyopita alikuja kuniazima kisu chembamba. Kuna harmoniamu katika parokia ya jirani ambayo haijasema tangu kabla hajazaliwa, na amepewa ruhusa kuifungua.